Kijana mwenye kansa asiachwe peke yake njiani

Juma hili tunaongea juu ya ugonjwa ambao wengi wetu tunautaja kwa sauti ya chini: kansa, au kanseri kama wengine wanavyosema hapa kwetu. Na hatuongei juu ya kansa ya wazee. Tunaongea juu ya watoto wetu wakubwa: binti wa miaka 15 aliye sekondari, kijana wa miaka 19 anayeendesha pikipiki, mama mdogo wa miaka 24 ambaye bado ananyonyesha.

Wengi wanafikiri kwamba kijana wa Pinga akishikwa na kansa amekwisha, basi kazi ya familia ni kulia tu na kungoja. Si kweli. Ziko kansa za vijana zinazopona kabisa zikiwahiwa. Shirika la Afya la Dunia linasema kila mwaka watoto na vijana karibu 400,000, wa umri wa kuzaliwa hadi miaka 19, wanapata kansa. Katika nchi tajiri, zaidi ya 8 kati ya 10 wanapona. Katika nchi maskini, hawafiki hata 3 kati ya 10.

Ugonjwa ni uleule, na miili ni ileile. Tofauti iko wapi? Sehemu moja ni dawa na mashine tusizokuwa nazo. Lakini sehemu kubwa ni njia yenyewe: mgonjwa kuchelewa kutoka nyumbani, kupewa jina la ugonjwa lisilo lake, kufika mjini asijue aingie mlango gani, kuishiwa nauli, kukata tamaa na kurudi nyumbani dawa ikiwa nusu. Juu ya dawa na mashine sisi wamama hatuna nguvu kubwa. Juu ya njia tunayo.

Ishara ambazo mama asizipuuze

Kansa ya kijana mara nyingi inafanana na ugonjwa tunaoujua, ndiyo maana inatupita. Tuangalie haya:

- Taya linavimba na meno yanalegea bila kuoza, au tumbo linavimba upesi. Hii inaweza kuwa kansa inayoitwa Burkitt. Inashika zaidi watoto wadogo, lakini vijana pia. Iko sana katika sehemu zenye malaria nyingi, kama kwetu. Inakua kwa haraka ya ajabu, siku chache tu uvimbe umeongezeka maradufu. Lakini pia ni moja ya zile zinazosikia dawa vizuri.
- Vinundu shingoni, kwapani au kwenye kinena, visivyouma, vinavyokaa majuma mengi, pamoja na jasho la usiku na kukonda.
- Goti au mfupa wa mkono unavimba na kuuma hasa usiku, kijana akisema aligongwa katika mpira.
- Homa isiyoisha hata baada ya dawa ya malaria, weupe wa macho na viganja, fizi kutoka damu, alama za bluu kwenye ngozi bila kupigwa.
- Uvimbe mgumu kwenye titi, hata kwa msichana, hata kwa mama anayenyonyesha. Tusiseme haraka kwamba ni maziwa yameganda.
- Damu inayoendelea kutoka baada ya mimba iliyoharibika, hasa ile mimba ya zabibu. Kansa inayoweza kufuata mimba hiyo inapona kwa dawa, hata ikiwa imeshasambaa.

Ishara hizi si lazima ziwe kansa. Lakini kijana akiwa na moja kwa majuma mawili bila nafuu, apelekwe kituo cha afya, na kutoka pale hadi hospitali kuu ya rufaa ya Pinga. Taya au tumbo likivimba upesi, tusingoje hata juma moja.

Uvimbe usikandwe kwa nguvu, usichanjwe, usichomwe. Tunajua kwamba uvimbe usio na jina unapewa jina nyumbani: karuho, uchawi, laana ya ukoo. Hatuji hapa kugombana na imani ya mtu. Familia inayotaka kuomba iombe, hata njiani inaweza kuomba. Tunachosema ni kwamba miezi mitatu ndani ya chumba cha maombi au kwa mganga wa kienyeji ni miezi mitatu ambayo uvimbe unaendelea kukua.

Njia yenyewe ni ndefu

Tuseme kijana wa miaka 16 wa hapa Pinga ana uvimbe wa taya. Muuguzi anamwandikia karatasi ya transferi. Hospitali ya rufaa inamwona na inashuku kansa. Sasa inahitajika biopsi, maana yake kukata kipande kidogo cha uvimbe na kukipeleka kwa wataalamu wakiangalie kwa darubini. Bila jibu hilo daktari wa kansa hawezi kuchagua dawa.

Kwa hiyo safari inaanza: Kalembe, Mweso, Kitshanga, Sake, mpaka Goma kwenye hospitali kubwa kama Hospitali ya Mkoa au HEAL Africa. Kutoka Goma, baadhi ya wagonjwa wanaelekezwa ng'ambo ya mpaka. Katika Rwanda iko hospitali ya Butaro, wilaya ya Burera, ambayo tangu mwaka 2012 ina kituo cha kansa kilichoanzishwa na Wizara ya Afya ya nchi hiyo pamoja na shirika la Partners In Health. Katika Uganda iko Taasisi ya Kansa ya Uganda, kwenye kilima cha Mulago, Kampala.

Sasa tuhesabu milango. Nani anajua siku ambayo daktari yuko? Nani anafuata jibu la biopsi, ambalo linaweza kuchukua majuma? Wanalala wapi wakingoja? Karatasi za kuvuka mpaka ziko wapi, wakati kijana wa miaka 16 hana karata ya uchaguzi, na wengi wa watoto wetu hawakuandikwa kwa ofisa wa hali ya raia katika siku 90 baada ya kuzaliwa kama sheria inavyotaka? Mgonjwa asiye raia wa nchi ile analipa kiasi gani? Anaongea lugha gani na muuguzi wa kule?

Mlango mmoja tu ukifungwa, familia inageuza. Uchunguzi uliofanywa Eldoret, magharibi mwa Kenya, kwa familia za watoto wenye kansa walioacha matibabu, ulionyesha sababu hizo hizo: ukosefu wa pesa, ukosefu wa bima na shida ya usafiri. Familia hizo hazikuacha kwa kukosa upendo.

Msindikizaji ni nani?

Sote tunamjua gardemaladi, yule anayelala chini ya kitanda cha mgonjwa, anayepika, anayefua. Tunamheshimu. Lakini msindikizaji ni mtu mwingine. Yeye anajua mlango unaofuata. Anajua karatasi gani inahitajika kabla mgonjwa hajapanda pikipiki. Anauliza daktari maswali ambayo mama mzazi, kwa hofu, amesahau. Anaandika tarehe ya kurudi, na siku ile ikipita bila kijana kuonekana hospitalini, anakwenda nyumbani kwao kuuliza kumetokea nini.

Mwaka 1990, katika mtaa wa Harlem, New York, daktari mpasuaji Harold Freeman alianzisha kazi hii kwa wanawake maskini, wengi wao weusi, waliokuwa wanafika hospitali kansa ya titi ikiwa imechelewa sana. Aliweka watu wa kuwashika mkono kutoka siku uvimbe unapoonekana hadi siku matibabu yanapoisha, na pamoja na hayo wakapimwa bure. Zamani, wanawake 39 tu kati ya 100 walikuwa bado hai baada ya miaka mitano. Baadaye wakawa 70 kati ya 100.

Lakini tusidhani ni jambo la wazungu na Wamarekani. Hapa jirani, Kampala, daktari Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Mulago, na mwaka 1961 alisafiri kwa gari karibu kilometa 16,000 katika Afrika akiuliza hospitali baada ya hospitali uvimbe huo uko wapi. Mwaka 1967 Taasisi ya Kansa ya Uganda ilifunguliwa kwa ajili ya watoto wale. Madaktari waliona kwamba mtoto akipata nafuu anarudi kijijini na haonekani tena. Kwa hiyo taasisi ikaweka watu wa kusafiri hadi vijijini kuwatafuta, nyumba kwa nyumba, ili kujua nani ni mzima na nani amerudiwa na ugonjwa. Hiyo ilikuwa kazi ya msindikizaji, miaka zaidi ya 20 kabla ya Harlem.

Butaro nako walielewa tangu mwanzo kwamba dawa pekee haitoshi. Ndiyo maana walifikiria pia nauli ya mgonjwa maskini, chakula chake na mahali pa kulala. Dar es Salaam, shirika la Tumaini la Maisha linafanya vivyo hivyo kwa watoto wa Muhimbili: matibabu bila malipo, na nyumba ya kulala mama na mtoto wake.

Kijana si mtoto, wala si mtu mzima

Kwa nini tunasisitiza vijana? Kwa sababu wao wanaanguka katikati. Katika wodi ya watoto, msichana wa miaka 16 anaona haya kulala karibu na watoto wachanga. Katika wodi ya watu wazima, amezungukwa na wazee na hakuna anayeongea naye. Daktari anaongea na baba, baba anaongea na mjomba, na kijana mwenyewe anasikia habari zake kwa kupenyeza sikio mlangoni.

Tumwambie kijana ukweli, kwa maneno anayoweza kuyabeba. Aliyefichwa atajua tu siku nywele zitakapoanguka, na baada ya hapo hatawaamini tena wazazi wala daktari. Aliyeambiwa mapema kwamba nywele zitaanguka na zitaota tena, anajifunga kitambaa na kuendelea.

Kuna maswali ambayo kijana hawezi kumwuliza baba yake. Je, nitazaa? Mchumba atanikubali? Baadhi ya dawa za kansa zinaweza kupunguza uwezo wa kuzaa, zingine hapana. Swali hilo liulizwe kabla ya dawa ya kwanza, wala si baada ya mwaka. Pia wakati wa dawa msichana asishike mimba, kwa sababu dawa zinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Haya ni maneno ya shangazi au mama mkubwa, mahali pa faragha. Msindikizaji mwanamke anaweza kuyasema.

Halafu kuna shule. Kijana aliye darasa la sita la sekondari anafikiria Exetat kuliko anavyofikiria kansa. Msindikizaji anakwenda kwa prefe wa shule, anaeleza, anaomba masomo yaandikwe kwenye kaye na rafiki wa darasa. Mgonjwa mwenye kaye za shule chini ya mto anajua kwamba watu wanamngoja arudi. Na wenzake waambiwe wazi: kansa haiambukizi. Wanaweza kula naye sahani moja.

Na yule mama mdogo anayenyonyesha? Swali lake la kwanza ni nani atabaki na mtoto. Akiwa hana jibu, hataondoka, hata mkimpa nauli. Kazi ya kikundi kwake inaanzia pale.

Kikundi chetu kinaweza kufanya nini

Hatuhitaji kuwa wauguzi. Tunahitaji mpango. Haya ndiyo tunayopendekeza kwa kila kikundi cha wamama hapa Pinga na vijijini:

*Mchague wamama wawili.* Mmoja awe anajua kusoma na kuandika Kifaransa kidogo. Wote wawili wawe watu wa kutunza siri. Tukiweza, mmoja asikie Kihunde au Kinyanga, mwingine Kinyarwanda, maana mgonjwa anaeleza maumivu yake vizuri kwa lugha ya mama yake. Wajitambulishe kwa muuguzi mkuu wa kituo, kwa RECO wa mtaa na kwenye ofisi ya zone ya afya.

*Wawe na kaye na bahasha moja kwa kila mgonjwa.* Ndani ya bahasha: karatasi ya transferi, majibu ya maabara, jibu la biopsi, cheti cha kuzaliwa, risiti zote. Kila karatasi ipigwe picha kwa simu ya watu wawili. Tumekimbia mara nyingi hapa kwetu, tunajua karatasi zinavyopotea. Biopsi iliyopotea inarudisha safari yote mwanzo.

*Wapige simu kabla ya safari.* Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda iliharibika, na mashine mpya ilizinduliwa mwaka 2018. Aliyefunga safari bila kuuliza alimaliza pesa zake kwa kufika mahali pasipo na matibabu hayo. Maswali ni haya: Daktari yupo? Dawa ipo? Bei ni kiasi gani, na nani analipa? Pa kulala pako wapi?

*Mfuko wa msaada wa AVEC utumike.* Wamama 25 wakitoa franka 500 kila juma, ni franka 12,500. Kwa mwezi wa majuma manne ni 50,000. Hazitoshi kulipa matibabu ya kansa, na tusimdanganye mtu. Lakini zinaweza kusaidia nauli ya kituo kimoja, simu za kuuliza, unga wa gardemaladi. Mara nyingi kinachorudisha familia nyuma ni kitu kidogo cha namna hiyo.

*Deni liongelewe mapema.* Sote tunajua wagonjwa waliopona wakazuiliwa hospitali kwa sababu ya deni, na wengine waliotoroka usiku. Aliyetoroka anaogopa kurudi, na kansa inataka kurudi mara nyingi. Msindikizaji aende kwa ofisi ya huduma za jamii siku ya kwanza, siyo siku ya kutoka, aulize kama kuna mfuko wa maskini na kama malipo yanaweza kugawanywa.

Barabara ikifungwa

Hatuwezi kuandika haya kama watu wanaoishi mahali penye amani. Mwishoni mwa Januari 2025 Goma iliingia mikononi mwa M23 na uwanja wa ndege ukafungwa. Hapa Pinga barabara inaweza kuwa wazi Jumatatu na kufungwa Jumatano. Kwa hiyo kila mara kijana anapotoka hospitali, msindikizaji aulize daktari: Tukichelewa, tunaweza kuchelewa siku ngapi? Tukikosa kabisa kurudi, hospitali gani nyingine inaweza kuendelea? Mpango wa dawa uandikwe wote kwenye karatasi, majina na vipimo, ili daktari wa mahali pengine aweze kuufuata.

Nyumbani, kijana aliye kwenye dawa za kansa ana nguvu kidogo ya kupambana na magonjwa. Alale ndani ya chandarua kila usiku, maji yake yachemshwe. Homa kwake ni jambo la haraka: apelekwe hospitali siku ileile, hata usiku kama njia ni salama, na muuguzi aambiwe mara moja kwamba yuko kwenye dawa za kansa. Asipewe tu vidonge vya malaria na kurudishwa.

Dawa isipoponya tena

Wako watakaofika wakiwa wamechelewa, na wako ambao dawa haitawaponya. Hapo ndipo wengi wetu tunaondoka, kwa sababu hatujui la kusema. Msindikizaji habanduki. Maumivu ya kansa yanaweza kupunguzwa. Uganda, tangu Hospice Africa ilipoanza kazi mwaka 1993, wagonjwa wanapewa mofini ya maji ya kunywa nyumbani, na wauguzi waliofunzwa wanaruhusiwa kuiandika. Tuulize hospitali zetu dawa hiyo inapatikana wapi. Kijana asife akipiga kelele wakati dawa ya kumtuliza iko duniani.

Na yule anayepona? Naye bado anahitaji mtu. Anarudi na upara, au mguu mmoja, au kovu kwenye taya, na watu wanamwangalia kama mzimu. Anahitaji kupimwa tena kwa miaka kadhaa. Anahitaji shule, kazi, ndoa. Na siku moja yeye mwenyewe atakuwa msindikizaji kuliko sisi sote, kwa sababu kila mlango anaujua.

Wamama wa Pinga, tumesindikiza wanawake wenye uchungu wa kuzaa usiku wa mvua. Tumebeba wagonjwa kwenye tipoyi milimani. Kazi hii siyo ngeni kwetu, ila ni ndefu zaidi, inaweza kuchukua miezi, hata mwaka. Kwenye mkutano wa juma lijalo, kila kikundi kije na majina mawili ya wasindikizaji wake, na kiulize katika mtaa wake: kuna kijana mwenye uvimbe, au homa isiyoisha, ambaye hajapelekwa? Akiwepo, msingoje mkutano. Mwende naye kituo cha afya kesho asubuhi.